Kompyuta Chini ya Bati: Kuipoza kwa Hewa ya Nje, Kilosa na Mikumi

Vijana wa Norwe na Kanada wanaopenda kuisukuma kompyuta ipite kasi ya kiwandani wana msaada wa bure. Januari wanafungua dirisha, hewa ya chini ya sifuri inaingia, prosesa inapoa. Kilosa hakuna hewa hiyo. Mji uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Mikumi imeuzidi kidogo tu, na baridi ya Ukaguru na Rubeho hubaki huko huko milimani. Hata hivyo hewa ya nje ina kazi kubwa ya kufanya hapa, kwa sababu ndani ya fremu ni moto kuliko nje. Bati lisilo na siling, ukuta wa tofali uliopigwa jua tangu asubuhi, mlango mmoja, friji ya soda inayotema joto kwa nyuma, printa, watu wanne wanaosubiri kopi. Kompyuta iliyowekwa humo inavuta hewa iliyokwisha kuchoka.

Ninayemwandikia ni mwenye kazi nzito: anayehariri video za harusi na sendofu, mwenye studio ya muziki, mwenye banda la gemu, na wale wa Mikumi wanaojaza nyimbo na filamu kwenye flashi za madereva wa malori usiku kucha. Kama kompyuta yako kazi yake ni kuandika barua na kujaza maombi ya mkopo wa chuo, ifute vumbi tu, inatosha.

Pima kabla ya kutoboa

Tafuta vipimajoto viwili vidogo vya dijitali. Kimoja kiweke ndani, pale kompyuta inapovutia hewa, yaani mbele ya kasha na si juu ya meza. Kingine kitundike nje, kivulini, usawa wa kifua, mbali na ukuta uliopigwa jua. Joto linaloandikwa kwenye simu usilitegemee. Hilo ni makadirio ya eneo zima, halijui lolote kuhusu uchochoro wa nyuma ya fremu yako. Soma vyote viwili saa nane mchana, saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, wiki nzima, uandike.

Tofauti kati ya ndani na nje ndiyo faida yako yote. Ikiwa ni nyuzi mbili au tatu, acha ukuta wa watu, fedha hiyo nunulia pesti mpya ya prosesa. Ikiwa ni nyuzi sita na kuendelea, mradi una maana. Usishangae usiku ukakupa tofauti kubwa kuliko mchana. Saa tatu usiku nje kumeshapoa, ila ukuta wa tofali bado unatapika joto ulilolishiba mchana kutwa.

Majira nayo yana neno. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, alfajiri za huku hushuka mpaka kwenye nyuzi 16 hivi, na hapo ndipo unapoikaribia ile hewa ya wazungu. Kuanzia Oktoba hadi Februari mchana hupita 30, na usiku hewa huganda juu ya 20. Aliye Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu, au Njombe, ana bahati nyingine kabisa; yeye asome sehemu ya vumbi na ya unyevu, mengine atayaona ni mteremko.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Joto la prosesa ni joto la hewa inayoipoza, ukiongeza kiasi kinachotokana na wati inazokula na ubora wa hitisinki yake, yaani kile chuma chenye mapezi kinachoipoza. Chukua hitisinki ya wastani inayoacha prosesa ipande nyuzi 0.35 kwa kila wati. Prosesa ikila wati 100, itakaa nyuzi 35 juu ya hewa. Fremu ikiwa na nyuzi 36, inasoma 71. Ukiiletea hewa ya nyuzi 20, inasoma 55. Kila nyuzi unayoipunguza kwenye hewa unaipata karibu yote kwenye prosesa. Kinyume chake pia ni kweli: hakuna feni, hata iwe na taa za rangi saba, inayoweza kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoisukuma.

Je, unacho cha kusukuma?

Oveklokingi, yaani kuipandisha prosesa juu ya kasi iliyowekwa kiwandani, haiwezekani kwenye kompyuta nyingi zilizoko mitaani kwetu. Nyingi ni mitumba ya maofisini, OptiPlex za Dell na ndugu zake wa HP, na bodi zake zimefungwa. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni mwa jina na bodi ya daraja la Z. Kwa AMD, Ryzen nyingi zinakubali zikikaa kwenye bodi za daraja la B au X, lakini bodi ya A320 haikubali. Angalia hilo kabla hujaahidi mtu chochote.

Ukikuta yako imefungwa, usikunje uso. Prosesa ikifika karibu na nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kompyuta nyingi zilizo chini ya bati hufanya kazi siku nzima zikiwa zimejifunga breki bila mwenyewe kujua. Pakua programu ya HWiNFO, ni ya bure, ifungue, kisha anza kutoa video ndefu na utazame mistari miwili: joto la prosesa na kasi yake. Ukiona joto limegota kwenye 97 na kasi imeshuka kutoka gigahezi 3.6 hadi 2.4, unaibiwa mashine uliyokwisha kuilipia. Kwa maoni yangu kuirudisha kasi hiyo kuna faida kuliko oveklokingi yoyote, na ndiyo kazi ya kwanza ya hewa ya nje.

Mwenye prosesa iliyo wazi naye ajue bei yake. Joto hupanda sambamba na kasi, lakini volti huhesabiwa mara mbili: ukizidisha volti kwa 1.1, joto linazidishwa kwa 1.21. Ukitoka gigahezi 4.0 kwa volti 1.20, ukaenda 4.4 kwa volti 1.35, umeongeza kasi asilimia 10 na joto asilimia 39. Zile wati 100 zimekuwa 139, na kwa hitisinki yetu ya mfano prosesa sasa inakaa nyuzi 49 juu ya hewa. Fremu ya nyuzi 36 inakupa 85. Hewa ya usiku ya nyuzi 20 inakupa 69. Kwa hiyo usiku wa kipupwe unaulipia msukumo huo na chenji inabaki. Mchana wa Novemba haukulipii kitu.

Kuna njia ya tatu ambayo wapenda kasi huidharau: kupunguza volti. Prosesa nyingi hupewa volti zaidi ya zinazohitaji. Ikiwa bodi inaruhusu, ukibaki kwenye 4.0 na kushuka kutoka volti 1.20 hadi 1.10, joto linapungua asilimia 16 na kasi inabaki palepale. Shuka kidogo kidogo, ukijaribu kila hatua kwa programu ya kupima uimara, OCCT au Prime95, nusu saa. Na kwa aliyefungiwa kila kitu, ipo hila ya dharura ya siku za joto kali: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka 100 hadi 99 kwa mia, prosesa nyingi huacha kuruka juu ya kasi yake ya msingi. Utapoteza kasi kiasi, ila mashine haitapiga kelele wala kuzima katikati ya harusi ya mtu.

Upande gani wa ukuta

Hapa wengi hutoboa palipo karibu na meza. Tazama jua kwanza. Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita kusini mwetu, na ukuta wa kaskazini hukaa kivulini. Miezi hiyo ndiyo ya joto. Kuanzia Machi hadi Oktoba mambo hugeuka, kivuli kinakuwa kusini. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, vuta hewa kaskazini: utateseka kidogo kipupwe, wakati ambao huna shida ya joto hata hivyo. Ukuta wa magharibi uepuke kabisa, maana jua la saa kumi huuchoma na hewa iliyo karibu yake nayo hupanda moto.

Mdomo wa kuvutia hewa uwe chini ya upenu, zaidi ya mita moja na nusu kutoka ardhini ili usinywe vumbi la miguu na pikipiki, na usikaribie bati kwa sababu chini ya bati ndiko joto linakojikusanya. Usiuweke karibu na jiko la mkaa la mama ntilie, wala sehemu jenereta la jirani linapotolea moshi. Kompyuta yenyewe ikae mezani. Aliyeyaona mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 hahitaji kuelezwa kwa nini isikae sakafuni.

Fremu ni ya kupanga na mwenyewe hataki kusikia habari ya kutoboa? Tumia dirisha. Kwenye dirisha la luva, toa vioo viwili vya chini, weka kipande cha plaiwudi chenye tundu la duara, ziba pembeni kwa sponji. Siku ya kuhama unarudisha vioo vyake.

Sanduku, chujio, feni

Mpangilio ni huu, ukitoka nje kuja ndani: sanduku la mbao lenye mdomo unaotazama chini, wavu wa dirishani kwenye mdomo, chujio, feni, bomba fupi, halafu mbele ya kasha la kompyuta.

Fundi seremala yeyote atakupigia sanduku hilo kwa mabaki ya plaiwudi. Mdomo utazame chini ili mvua ya masika isiingie. Bomba liwe la plastiki lile la maji machafu, inchi 6 ukilipata, inchi 4 likishindikana, na liinamie nje kidogo, ili tone likiingia lirudi lilikotoka.

Inchi zina maana. Kompyuta inayokula wati 300 kwa jumla, ukitaka hewa itoke ikiwa moto nyuzi 10 tu kuliko ilivyoingia, inahitaji karibu mita za ujazo 90 za hewa kwa saa. Feni nzuri ya kasha ya milimita 120 huweza kiasi hicho ikiwa wazi mkononi. Ifunge nyuma ya chujio na bomba lenye kona mbili, utapata nusu au pungufu. Kwa hiyo bomba lililo bora ni lile ambalo karibu halipo. Iegemeze kompyuta kwenye ukuta wenyewe, tundu likabiliane na uso wake, ukate kona zote. Kama lazima bomba liwe refu, weka feni mbili, moja sandukuni na moja kwenye kasha.

Tumia feni za volti 12 zinazokula umeme wa kompyuta yenyewe, si feni ya kutolea hewa chooni inayotumia volti 230 huku imekaa nje kwenye unyevu. Zinawaka kompyuta ikiwaka, zinazima ikizima, na ulaji wake ni wati 2 hadi 5. Kiyoyozi kidogo hula wati 900 hivi kikiwa kinavuta. Kwa saa nane kinaweza kukaribia uniti saba za LUKU. Feni hiyo, kwa saa nane, haifiki hata sehemu ya ishirini ya uniti moja.

Pale bomba linapokutana na kasha, kata boksi gumu, tengeneza kofia inayofunika sehemu yote ya mbele inayovuta hewa, zungushia ukanda wa sponji, bana kwa solotepu pana. Sehemu hii ndiyo watu wanaifanyia haraka na ndiyo inayoharibu kazi yote. Hewa ni mvivu: ikipata upenyo wa kuvutwa kutoka chumbani badala ya kupita kwenye chujio na bomba, itapitia upenyo huo. Washa udi au ubani karibu na maungio. Moshi ukinyonywa ndani, ziba. Na joto lazima lipate kwa kutokea. Acha matundu ya juu ya ukuta wazi, au fungua luva za juu za dirisha la upande wa pili.

Vumbi

Mwaka 2007 kampuni ya Intel ilichukua seva karibu 900 huko New Mexico, jimbo kavu la Marekani, ikazigawa nusu kwa nusu. Nusu ilipozwa kwa viyoyozi, nusu kwa hewa ya nje hadi nyuzi 32, unyevu ukiachwa ujiendee, na kichujio kikiwa cha kawaida cha nyumbani. Miezi kumi baadaye seva za hewa ya nje zilikuwa zimevaa vumbi wazi wazi. Zilizoharibika katika nusu hiyo zilikuwa asilimia 4.46, kwenye kituo chao kikuu, chenye kiyoyozi, kwa muda huohuo zilikuwa 3.83. Tofauti ndogo, na walikadiria umeme wa kupozea ungepungua asilimia 67. Mimi nasoma mambo mawili hapo: nyuzi 32 haziui kompyuta, na vumbi halina budi kuheshimiwa.

Vumbi letu si la aina moja. Julai hadi Oktoba mbuga zinaungua na masizi mepesi huelea mpaka mjini. Upande wa Kidatu miwa huchomwa kabla ya kuvunwa, na majivu yake meusi kila mama aliyeanika nguo nyeupe anayajua. Kimamba kuna katani. Kando ya barabara kuu Mikumi ni moshi wa dizeli, nao una mafuta, hivyo hushika kwenye mapezi ya hitisinki kama masizi ya sufuria na hauondoki kwa kupuliza.

Chandarua kikuukuu huzuia mbu na nondo, hakizuii vumbi. Sponji ya godoro huzuia vumbi, na hewa pia. Chujio linalofaa liko kwenye maduka ya vipuri: filita ya hewa ya gari, ile bapa ya mstatili yenye mikunjo. Mikunjo huipa eneo kubwa, hewa hupita polepole na feni haichoki. Pima filita kwanza, halafu ndipo seremala apige sanduku kwa kipimo chake. Kila baada ya wiki mbili za kiangazi itoe, ikung'ute kwa kuigonga upande, irudishe. Ikishageuka nyeusi nunua nyingine. Usiioshe kwa maji.

Feni isukume hewa kuingia, na feni za kutolea kwenye kasha ziwe chache au za kasi ndogo. Hapo ndani ya kasha panakuwa na msukumo kidogo kuzidi chumbani, na vumbi la chumbani linakosa mlango.

Unyevu na wageni

Watu huogopa kwamba hewa ya usiku italowesha bodi. Umande hushika kitu kilicho baridi kuliko hewa. Kompyuta inayofanya kazi ni moto kuliko hewa inayoingia, kwa hiyo hailowi, hata alfajiri yenye ukungu. Hatari iko kwenye kompyuta iliyozimwa. Imelala imepoa usiku kucha huku tundu liko wazi, asubuhi ya masika inaingia hewa ya moto yenye maji, chuma baridi kinatoka jasho, nawe unabonyeza swichi. Weka kifuniko cha plaiwudi kwenye bomba na ukifunge kila unapozima. Ukisahau, kifunge asubuhi na subiri saa moja kabla ya kuwasha.

Na usijaribu kuipoza hewa zaidi kwa kitambaa kibichi au gunia la maji mbele ya feni. Kituo cha Facebook cha Prineville, Oregon, kilichojengwa kutumia hewa ya nje na mvuke wa maji, kilipata mkasa wa aina hiyo mwaka 2011: mitambo ya kuongoza hewa ilikosea, unyevu ukapita asilimia 95, na seva zikaanza kuzima kwa maji. Wao walikuwa na wahandisi. Wewe una gunia.

Wageni wa sandukuni ni wengi. Nyigu wanaojenga kwa udongo wataziba tundu lolote lisilo na wavu ndani ya siku chache. Sisimizi hupenda joto. Mjusi kafiri hufuata wadudu, huingia kwenye pawa saplai kupitia matundu ya nyuma, akigusa sehemu mbili kwa wakati mmoja anakufa yeye na pawa saplai. Wavu uwekwe kwenye matundu hayo pia, mpana kidogo usizuie hewa. Kwa walio pembezoni mwa Mikumi, sanduku lifungwe kwa skrubu, siyo misumari ya kugonga: nyani hudadisi kila kinachoning'inia.

Mipangilio miwili

Bodi nyingi za oveklokingi hukuwezesha kuhifadhi mipangilio kadhaa kwenye BIOS. Weka miwili. Wa kwanza ni wa mchana na wa kiangazi: kasi ya kiwandani, volti zilizopunguzwa. Wa pili ni wa usiku wa kipupwe: kasi iliyopandishwa. Kosa ninaloliona sana ni kujaribu uimara wa oveklokingi saa kumi na moja alfajiri ya Julai, mashine ikapita, mtu akaamini amemaliza. Mpangilio huo utaanguka Novemba saa nane mchana, mteja amekaa kwenye benchi anasubiri. Mpangilio wa mchana ujaribiwe mchana, siku ya joto kuliko zote unayoweza kuisubiri.

Kazi za kutoa video zipange usiku, kuanzia saa tano, hewa ikiwa imetulia na umeme haupandi na kushuka sana kama jioni. Angalia salio la LUKU kabla ya kulala. Diski za zamani za kuzunguka usizisukumie hewa moja kwa moja: utafiti wa Google wa 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, uliona zinazokaa baridi mno zikifa zaidi kuliko za vuguvugu. Elekeza hewa kwenye prosesa, kadi ya picha, na vile vipande vidogo vya kurekebisha umeme vilivyo pembeni ya prosesa, ambavyo oveklokingi huvichosha kabla ya prosesa yenyewe.

Kila miezi mitatu fungua kasha. Tumia brashi laini ya rangi na kipulizia, si kompresa ya kujazia matairi, kwani tangi lake lina maji. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza. Yakizungushwa kwa nguvu huvunja beringi na huweza kurudisha umeme kwenye bodi. Moshi wa dizeli ulioganda kwenye mapezi utoe kwa spiriti na mswaki, hitisinki ikiwa imefunguliwa, kisha paka pesti mpya, kiasi cha punje ya mbaazi, usitandaze kwa kidole.